Mpishi Asiyelia

Wanafunzi walimwita Mama Harisa, kwa jina la ile pilipili nyekundu ya kusagwa inayowasha mpaka masikioni, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Jina lake hasa lilikuwa Dalenda Sellami. Alikuwa mpishi mkuu wa bwalo la chuo katika mji wa Sfax, mwanamke wa miaka hamsini na moja, mfupi, mpana wa mabega, ambaye hakuolewa na hakutaka kuulizwa kwa nini. Watu mia tisa walikula kwa mikono yake kila mchana. Mwanafunzi akithubutu kusema kuskusi imekauka, Dalenda alitoka nyuma ya kaunta na upawa wake, akamsimamia mbele ya wenzake, akampasha mpaka kijana akaomba radhi kwa kosa asilolijua.

Waliomfahamu kwa miaka miwili tu walisema ndivyo alivyozaliwa. Huo ulikuwa uongo, na ndio uliomponza. Mongi, msaidizi wake jikoni, aliyefanya naye kazi miaka kumi na miwili, alimkumbuka Dalenda mwingine: mwenye kelele, ndiyo, mwenye kutukana kwa utani, lakini anayecheka mpaka anashika meza asianguke. Dalenda huyo alikuwa akiimba nyimbo za harusi huku akimenya vitunguu, na maneno yake akiyaharibu makusudi ili wasaidizi wake wacheke. Kisha, katika kipupwe kimoja, bila msiba, bila ugonjwa wa mwili, bila mtu yeyote kumtenda ubaya, nyimbo zikakoma. Hakuna aliyeona siku zilipokoma. Kilichoonekana ni ukali tu.

Na ukali huo haukubaki jikoni. Jirani wa ghorofa ya juu alianika nguo zikadondosha maji kwenye baraza la Dalenda. Dalenda akapanda na kisu cha samaki akaikata kamba, nguo zote zikaanguka barabarani. Kwenye foleni ya mkate alimfokea mzee mmoja kwa sababu alichelewa kuchagua. Asubuhi aliamka akiwa amechoka kuliko alivyolala, mwili mzito kama gunia lililoloa. Kusalimiwa kulimuudhi, kwa sababu kuitikia salamu kulitaka nguvu na yeye hakuwa nazo. Kutukana hakukutaka nguvu. Tusi lilitoka lenyewe, na kwa dakika chache baada ya hapo damu ilitembea mwilini, akajisikia mtu. Hasira ndiyo iliyomtoa kitandani. Ikizima, hapakubaki kitu kingine ndani.

Ndugu yake mmoja tu aliyebaki alikuwa Rafika, mdogo wake, aliyeolewa na mwalimu katika mji wa Mahdia. Rafika alikuja siku ya pili ya Idi na sahani ya vitafunio vya tende. Alimkuta dada yake saa sita mchana angali na nguo za kulalia, madirisha yote yamefungwa. Alianza kuyafungua moja moja.

"Dada, njoo ukae kwangu wiki moja," alisema. "Upumzike. Mume wangu hana neno."

"Umekuja kupima mapazia," Dalenda alimjibu kutoka kitini. "Unaangalia kama nimekaribia kufa, mhamie kwenye nyumba ya mama."

Rafika aliduwaa. Angeweza kulimeza hilo, maana alishameza mengi. Lakini Dalenda hakuishia hapo. Rafika alikuwa amepoteza mimba tatu, na ya mwisho ilikuwa ya miezi sita. Dalenda alimwambia kwamba tumbo lake lenyewe limeshindwa kushika kitu, sasa anataka kuuguza watu wazima.

Alilisikia neno hilo likitoka. Aliona uso wa mdogo wake ukigeuka. Ndani yake kulikuwa na mtu aliyetaka kuruka amshike mkono, amwombe, amlilie. Lakini mtu huyo alikuwa mbali, kama yuko chini ya kisima. Rafika aliiweka sahani mezani, akachukua mkoba, akaondoka. Ukapita mwaka na nusu. Simu haikulia kutoka Mahdia, wala haikupigwa kutoka Sfax.

Kisha ladha ikamtoka. Hili hakumwambia mtu. Alionja mchuzi akasikia maji ya moto tu. Aliweka kitunguu saumu mdomoni akakitafuna kama karatasi. Mpishi asiyeonja ni kama fundi cherehani aliyepofuka, na Dalenda alijificha kama kipofu anayeona aibu. Alikisia. Aliongeza chumvi, akaonja, akaongeza tena. Wanafunzi wakaanza kurudisha sahani zikiwa nusu, naye akaanza kuwafukuza bwaloni.

Siku moja ya Machi mkurugenzi wa bwalo alileta wageni wawili kutoka makao makuu, wanaume wenye tai, waje waone jinsi wanafunzi wanavyolishwa. Mkurugenzi alichota supu ya samaki kutoka kwenye sufuria kubwa, akaonja, akakunja uso.

"Lalla Dalenda," alisema, kwa lile neno la heshima wanaloitwa mabibi, akiwatazama wageni, "hii ni supu au umetuchotea bahari?"

Wageni walicheka. Dalenda aliikamata sufuria kwa mikono miwili, sufuria ambayo kwa kawaida ilibebwa na wanaume wawili, akaipindua. Lita sitini za supu zilitapakaa sakafuni, vichwa vya samaki vikateleza mpaka kwenye viatu vya wale wageni. Kwa bahati hakuna aliyeungua. Mongi alikwenda kuchukua ufagio.

Alisimamishwa kazi siku ileile. Barua ilisema asirudi mpaka alete karatasi ya daktari wa akili inayoeleza kama ni mgonjwa au la.

Kliniki ya magonjwa ya akili ilikuwa nyuma ya hospitali, kuta zake zimepakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa kiuno. Huko alimkuta Daktari Ons Jaziri, msichana wa miaka ishirini na tisa mwenye miwani na viatu vya michezo, aliyekuwa akifanya utafiti wa kumalizia masomo yake. Utafiti wenyewe ulihusu jambo lililomgusa Dalenda moja kwa moja, ingawa hakuna aliyemweleza vizuri: walitaka kujua sonona, ule ugonjwa wa moyo kuzama, na uhasama, ile hali ya mtu kuwawakia wenzake, vinahusiana vipi. Je, vinatembea pamoja? Kimoja kinamzaa mwenziwe? Kila mgonjwa mpya alijibu hojaji mbili, moja ya huzuni na moja ya ukali, kisha alama zikajumlishwa.

Maswali yaliandikwa kwa lugha ya vitabuni, lugha ambayo hakuna mtu Sfax anaitumia akiwa na maumivu. Daktari aliyasoma kama yalivyo.

"Je, unajihisi mwenye huzuni?"

"Hapana."

"Je, unalia mara nyingi kuliko zamani?"

"Mimi silii. Sijalia tangu mama afe, na siku hiyo nililia kwa sababu ya macho ya waombolezaji."

"Je, umepoteza matumaini?"

"Hayo ni kati yangu na Mungu. Wewe ni Mungu?"

Daktari aliandika sifuri. Alipofika kwenye hojaji ya pili mambo yaligeuka. Je, unatamani kuvunja vitu? Sitamani, alisema Dalenda, navunja. Je, unahisi watu wanakusema nyuma yako? Wananisema mbele yangu. Je, unakosa uvumilivu? Hapo Dalenda alimwambia kwamba kama angekuwa hana uvumilivu asingekaa nusu saa akihojiwa na mtoto aliyevaa viatu vya kukimbilia, na ikiwa ni kukimbia akimbie sasa, kazi imemshinda. Daktari Ons aliona haya, kisha akaudhika. Chini ya karatasi palikuwa na kisanduku kidogo chenye neno moja: *hashirikiani*. Alikitia alama. Karatasi ya mtu asiyeshirikiana ilitolewa kwenye utafiti, kwa sababu majibu yake hayaaminiki.

Kisha akamwandikia cheti. Kilisema Dalenda Sellami hana dalili za sonona, kwamba ukali wake ni wa tabia, na kwamba anashauriwa ajizuie.

Dalenda alikipeleka bwaloni akidhani kimemwokoa. Si kimesema hana ugonjwa? Mkurugenzi alikisoma mara mbili, akatabasamu. Vizuri, alisema, kama si ugonjwa basi ni utovu wa nidhamu. Akampa tarehe ya kufika mbele ya kamati, wiki tatu baadaye, na akamwambia, kwa upole uliotia kichefuchefu, kwamba aanze kuzoea kukaa nyumbani.

Wiki ya kwanza Dalenda aliwaka. Alizunguka nyumba akimtukana mkurugenzi, daktari, wageni wenye tai, na mwenyewe. Wiki ya pili hasira ikamwisha, na hilo ndilo lililokuwa la hatari. Alikaa sakafuni jikoni, mgongo ukiegemea jokofu, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hakuona huzuni. Hakuona kitu. Siku ya tatu ya hali hiyo aliinuka, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alijisikia mwepesi, maana alikuwa ameamua. Alifua mapazia. Alifunga nguo zake ndani ya mifuko. Alichukua ile sufuria ya shaba ya mama yake, ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kuisugua, akaipeleka kwa Mongi.

Mongi alifungua mlango akiwa na fulana ya ndani. Aliitazama sufuria, akamtazama mwanamke anayetabasamu kwa adabu, na uso wake ukawa mweupe. Miaka tisa nyuma kaka yake Mongi alimpa baiskeli yake, akamwambia haihitaji tena. Wiki iliyofuata walimzika.

"Rudi nayo," alisema.

"Nimekupa, Mongi. Chukua. Itakufaa."

"Rudi nayo, nimesema." Alimsukumia sufuria kifuani. "Unagawa vyombo kama marehemu. Unadhani mimi mjinga? Unadhani sijaona mtu akigawa vitu?"

Dalenda alianza kumkemea kwa kumpandishia sauti, lakini sauti haikutoka na nguvu, na Mongi, mtu ambaye kwa miaka kumi na miwili alijibu "sawa, Lalla" kwa kila kitu, alimfokea mpaka majirani wakatoka.

"Nimetukanwa na wewe kila siku ya Mungu na sikurudisha hata moja. Leo utanyamaza na utanisikiliza. Umenitukana baba yangu, umenitukana uso wangu, ukanitupia kijiko, kovu hili hapa. Nilisema hapana, huyu si yeye, amezidiwa. Sasa unataka kuniachia sufuria uende zako? Nitaifanyia nini? Nitapika nini ndani yake? Vaa viatu."

"Nimevaa viatu," alisema Dalenda.

"Basi twende."

Alimpeleka kliniki vilevile na fulana yake ya ndani, sufuria ya shaba kwapani. Mwuguzi wa mapokezi alisema daktari ana watu. Mongi alisema yeye pia ana mtu. Akaiweka sufuria juu ya meza ya mwuguzi kwa kishindo na kueleza, kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, kwamba mwanamke huyu asipoonwa leo hatakuwepo wa kuonwa kesho.

Daktari Ons alitoka. Alimtambua Dalenda na kujikaza, akingoja matusi. Hayakuja. Dalenda alikaa kwenye kiti akiangalia mikono yake.

Alipoulizwa kilichotokea, alisema polepole, kama mtu anayehesabu ngazi gizani. "Uliniuliza kama nina huzuni. Mimi neno hilo silijui mwilini mwangu, binti yangu. Ni neno la redioni. Ungeniuliza kama naonja, ningekwambia sionji, mwaka mzima sijui chumvi wala sukari. Ungeniuliza mara ya mwisho nilicheka lini. Ungeniuliza kwa nini nagombana na watu, ningekwambia nikiacha kugombana nakuwa mfu. Sasa nimeacha. Hukuuliza. Ulisoma karatasi yako, ukaniandikia nina tabia mbaya."

Daktari aliivua miwani. Alimwuliza tena, safari hii kwa maneno ya mtaani: usingizi, chakula, mwili, asubuhi, zile fikra za kutaka kuondoka. Alimwuliza waziwazi amepanga nini, na Dalenda akamwambia waziwazi. Ilichukua saa moja na nusu. Mwishoni daktari alisema ni sonona, kali, ya muda mrefu, na kwamba yeye aliiona kwa macho yake ikiwa imevaa nguo za ugomvi akaifukuza mlangoni. Dalenda alilazwa siku hiyo na kukaa wodini siku tisa. Mongi alirudi nyumbani na sufuria, akisema anaitunza tu, haijawa yake.

Siku ya nne wodini, Dalenda alisikia daktari akigombana na Profesa Fethi Lahmar, aliyesimamia utafiti ule. Walikuwa kwenye korido na mlango ulikuwa wazi. Daktari Ons alikuwa amefungua droo ya karatasi zilizotupwa akakuta kumi na moja, zote zina kisanduku kile kimetiwa alama. Katika zote kumi na moja, alama za ukali zilikuwa juu kabisa na za huzuni zilikuwa karibu na sifuri. Alikuwa anataka kuwaita watu hao upya. Profesa, mtu mtanashati mwenye nywele za fedha, alisema utafiti umekwisha, takwimu ni safi, na matokeo yanapendeza: watu wenye sonona wa Sfax si wakali. Daktari akiwarudisha wale waliotolewa, kila kitu kitavurugika.

Dalenda alishuka kitandani. Alikuwa na kandambili za hospitali na gauni lililofungwa mgongoni, na dawa zilikuwa zimemkausha mdomo, lakini kitu kiliwaka kifuani, na kwa mara ya kwanza aliona tofauti. Hii haikuwa ile hasira ya kila asubuhi, ya bure, inayomrukia yeyote. Hii ilikuwa na anwani.

"Wewe ndiye uliyenitoa?" alimwuliza Profesa.

"Mama, rudi kitandani. Utafiti una kanuni zake. Mtu asiyetaka kujibu hatuwezi kumlazimisha."

"Nilijibu kila swali. Majibu hamkuyapenda."

"Ulimtukana mtafiti."

"Nilimtukana, na nitamwomba radhi mwenyewe. Mwenye kikohozi akikukoholea, Profesa, unamwambia hashirikiani?" Alisogea mpaka akawa chini ya kidevu chake, maana alimfika kifuani tu. "Mnawataka wanaolia vizuri. Wanaokaa kwenye kiti, wakatoa leso, wakasema ndiyo daktari, nina huzuni. Hao mnawaandika. Sisi tunaong'ata mnatutupa kwenye droo, halafu mnatangaza kwamba wagonjwa wa Sfax hawang'ati. Nilikuwa nagawa vyombo vyangu! Kwa cheti chenu cha tabia mbaya nilikuwa nagawa vyombo vyangu."

Profesa alimtaka daktari amrudishe mgonjwa kitandani. Daktari Ons alisema mgonjwa hajakosea. Aliyeondoka ni Profesa.

Wale kumi na moja, ukimtoa Dalenda, walikuwa kumi. Daktari Ons aliwapigia simu mmoja mmoja, jioni, kwa simu yake mwenyewe. Sita walikubali kurudi, wakiwamo dereva wa lori la fosfati aliyekuwa akiwapiga wenzake gereji na mwanamke wa makamo aliyefukuzwa na wake za wanawe watatu, mmoja baada ya mwingine. Watano kati ya sita walionekana wana sonona, tena si ndogo. Wawili walikata simu. Mmoja hakupatikana. Kwa yule wa kumi alipokea mkewe. Alisikiliza, akauliza daktari anampigia kutoka wapi, kisha akasema mmechelewa miezi miwili, na sisi hapa tulikuwa tunasema tu alikuwa mtu wa hasira.

Daktari alimweleza Dalenda hayo kwenye ziara ya wodi, na machozi yakamtoka. Dalenda hakumbembeleza. Alimwacha alie, akamngoja amalize.

"Umeliandika jina lake?" aliuliza.

Daktari alisema majina hayaandikwi kwenye utafiti, huandikwa namba.

"Basi iandike namba yake. Usiitoe."

Daktari Ons aliandika cheti cha pili. Hakuzungusha maneno. Alisema cheti cha kwanza kilikuwa na makosa, kwamba makosa ni yake, kwamba Dalenda Sellami ana sonona ambayo kwake imejitokeza kwa hasira, na kwamba anatibika na anaweza kufanya kazi. Akatia sahihi jina lake kamili. Kamati ya nidhamu ilikisoma kwa kununa. Walimrudisha kazini, ila walimshusha cheo. Mpishi mkuu angekuwa mtu mwingine, na wakamteua Mongi. Mkurugenzi alidhani amewagombanisha. Mongi alikwenda kukataa, Dalenda akamwambia akikataa atampiga na upawa, kwa hiyo akakubali, na tangu siku hiyo Dalenda alimwita Mheshimiwa Mkuu mbele ya wanafunzi ili kumtia haya.

Dawa zilichukua muda. Wiki za mwanzo zilimletea kizunguzungu na jasho, akataka kuzitupa. Alimwuliza daktari swali lililokuwa likimsumbua: dawa hizi zitammalizia hasira zote? Maana nyingine anazihitaji. Mkurugenzi bado yupo. Daktari Ons alisema anatumaini zitamwachia za kutosha. Katika wiki ya saba, Jumanne, Dalenda alikuwa akikatakata vitunguu akalamba kidole bila kufikiri, na utamu mkali wa kitunguu ukamgonga ulimini. Alisimama pale na kisu mkononi. Mongi aliuliza kuna nini. Alisema hakuna kitu, kazi iendelee, na akala kitunguu kizima kibichi kama tofaa.

Utafiti wa daktari ulichelewa mwaka mzima. Profesa alijiondoa, na mwalimu mwingine akausimamia. Ukumbini, siku ya kuutetea, Daktari Ons alisema kwamba kwa baadhi ya watu sonona na uhasama si magonjwa mawili yanayotembea sambamba, ni ugonjwa mmoja wenye nyuso mbili, na kwamba kipimo kinachowatupa wakali hakiwezi kuwaona. Wazee wa jopo la watahini walimpa alama ya kupita, si zaidi. Dalenda alikuwa amekaa safu ya nyuma na Mongi, amevaa koti lake jema, na wakati mzee mmoja alipouliza kama hili si kuwapa wagomvi kisingizio, ilibidi Mongi amshike mkono.

Lakini swali hilo lilimfuata. Alilipeleka Mahdia.

Alikwenda Jumamosi moja, akashuka kituoni, akatembea mpaka nyumba ya Rafika. Alikuwa ameandaa maneno. Rafika alifungua, akamwona, hakumkaribisha wala hakufunga. Dalenda alieleza pale mlangoni: ugonjwa, wodi, dawa, kile cheti. Rafika alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni ugonjwa ulionitukana," alisema.

"Ndivyo walivyosema."

"Ulinitukana kwa sauti yako. Ulijua pa kunichoma. Ugonjwa haukujua habari za watoto wangu, dada. Wewe ndiye uliyejua, kwa sababu nilikwambia wewe peke yako."

Dalenda alisema ni kweli. Alisema alilisikia neno likitoka na hakulizuia, kwamba ugonjwa ulimwondolea breki lakini gari lilikuwa lake, na kwamba hakuja kutaka asamehewe kwa cheti.

Hapo Rafika alimruhusu aingie, na hakumwingiza kwa wema. Alimkalisha kitini na akamwambia yote. Alianza na ile Idi, akarudi nyuma kwenye mazishi ya mama, akarudi utotoni, kila neno na kila siku, akitembea huku na huku sebuleni, sauti ikipanda mpaka mumewe akachungulia na kuondoka. Alikuwa na hasira ya zaidi ya miaka mitatu na aliitoa yote. Dalenda alikaa. Mara tatu alihisi jibu likimpanda kooni, jibu zuri, kali, la kumnyamazisha, na mara tatu alilimeza. Hakuna kazi ngumu kama hiyo aliyowahi kufanya, na alishawahi kupikia watu elfu mbili peke yake siku ya mgomo.

Rafika alipomaliza alikuwa anahema. Dalenda aliuliza kama kuna lingine. Rafika alisema lipo, ila amechoka. Dalenda akauliza kama anaweza kuja tena kusikiliza lililobaki. Rafika alisema atafikiri, akamsindikiza mpaka mlangoni, na hakumbusu.

Alifikiri mpaka msimu wa kuvuna zeituni. Kisha siku moja simu ya Dalenda ikalia bwaloni katikati ya kazi, na Rafika, bila salamu, akauliza Ijumaa anamaliza saa ngapi.